Mji Aliouchukua Mtani

Naijua Kunming kuliko ninavyoijua Tanga mjini, na Kunming sijawahi kufika. Najua kuna ziwa, na wakati wa baridi ndege weupe huja pale kwa makundi, watu wakawarushia vipande vya mkate. Najua mvua zikianza sokoni hujaa uyoga wa kila namna. Najua hewa yake imefanana na ya Lushoto: asubuhi unavaa sweta, mchana unalivua unalifunga kiunoni. Hilo la sweta ndilo lililonifanya niuchague mji ule. Sikuuchagua kwa sababu ya maghorofa wala treni za kasi. Niliuchagua kwa sababu ya kifua changu.

Leo nina duka dogo la steshenari Handeni mjini, karibu na stendi. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, na vijana wanaotaka kwenda kusoma nje huja kutumia kompyuta zangu. Wanapofika kwenye kuchagua mji, hunigeukia. Nawaambia yote: mji upi una baridi, mji upi una gharama, mji upi utakuta Waswahili wenzako wa kusema nao. Nawajibu vizuri mpaka wengine hudhani nimeishi huko. Ila kuna jambo moja sifanyi, hata mtu anibembeleze vipi. Simjazii mtu fomu. Kaa mwenyewe, andika mwenyewe, bofya mwenyewe. Wapo wanaosema jamaa yule mvivu. Waseme tu.

Nilisoma kidato cha tano na cha sita Korogwe, shule ya bweni. Huko ndiko nilikokutana na mtani wangu. Alikuwa kijana wa Ngombezi, kwenye mashamba ya mkonge, Mnyamwezi kwa kabila ingawa Tabora aliisikia kwenye redio tu. Babu yake aliletwa kwa treni kuja kukata mkonge, akawekwa kwenye vile vyumba vya mistari vya wafanyakazi, akazaa humo, na baba yake naye akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda. Mimi ni Mzigua wa Handeni. Na Wazigua na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi zile za misafara ya kwenda pwani.

Asiyejua utani huu atauona wendawazimu. Mtani wako anakutukana mbele za watu, nawe unacheka. Anakuta umeandaliwa chakula, anakaa anakula nyama yote, anakuachia mchuzi. Anachukua kuku wako uani na kuondoka naye akiimba. Wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa, na wazee watakushangaa kana kwamba hukulelewa.

Siku ya kwanza tu bwenini, aliposikia mimi natoka Handeni, alifungua sanduku langu akala karanga zote alizonifungia mama, akaniachia maganda juu ya mto. Akasema Wazigua wamezoea kulala na njaa, kwa hiyo hajaniumiza. Mimi nikachukua viatu vyake vipya, nikavivaa wiki nzima, msikitini naenda navyo, darasani navyo, naye akitembea na kandambili. Nikamwambia mjukuu wa wapagazi hana haja ya viatu. Tukawa marafiki hivyo. Aliniita mtani, nikamwita mtani, na nakuapia kuna walimu waliomaliza miaka miwili bila kujua majina yetu.

Pumu yangu aliijua. Siku moja mchana walichoma majani nyuma ya bweni, moshi ukaingia, kifua kikanibana hata nikashindwa kusema. Yeye ndiye aliyenipakia mgongoni akakimbia nami hadi hospitali, jua la Korogwe likiwaka, akihema kunishinda. Njia nzima alikuwa akisema Mzigua mzito huyu, sijui anakula nini na kwao hakuna kitu, na nisimfie mgongoni maana mzigo uliokufa haulipwi. Nilitaka kucheka, pumzi haikutosha. Nilipopata nafuu nilimkuta amekaa chini kando ya kitanda, shati limelowa, analia. Siyo kwa utani. Analia kweli. Ndiyo maana mpaka leo roho inaniuma, maana mtu asiyekujua akikudhuru utasema hakujua. Huyu alijua.

Jumamosi tukiruhusiwa tulikwenda kwao Ngombezi. Mama yake alinipenda. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, anapika majani ya kunde yaliyokaushwa akayaunga kwa karanga, na ugali mgumu wa kushibisha watu wazima. Aliniwekea kiti upande usiopulizwa na vumbi la mkonge, bila mtu kumwambia. Nikimwamkia shikamoo mama, aliitika marahaba, kisha akaniuliza kama safari hii nimeoga au nimekuja na vumbi la Handeni kama kawaida.

Tulipomaliza kidato cha sita tuliomba ufadhili wa kusoma China. Wote wawili tuliandika uhandisi wa maji. Mimi kwa sababu nimekulia mahali ambapo mama zetu waliamka na ndoo kichwani. Yeye, alisema, kwa sababu Mzigua hawezi kukabidhiwa maji. Tukaitwa kwenye usaili, tukapita. Kisha tukaambiwa kwamba kwa somo letu imebaki miji miwili tu, Kunming na Harbin, na kila mji una nafasi moja. Dirisha la kuchagua lingefunguliwa baadaye, kila mtu aingie kwenye akaunti yake achague, na anayewahi ndiye anayepata.

Basi nikaanza kuisoma miji. Nilikaa na simu mpaka vidole vikauma. Nilitazama video za wanafunzi wa Kiafrika walioko huko, nikawaandikia, wengine wakanijibu. Daktari pale Korogwe aliniambia kifua kama changu kikikutana na baridi kavu ya kugandisha ni hatari, nitafute mahali ambapo baridi haifiki huko. Harbin mto unaganda, magari yanapita juu yake. Msichana mmoja wa Kenya aliniandikia kwamba akitoka nje bila kuziba mdomo hewa humchoma kooni. Yeye hana pumu. Nikasema Harbin kwangu ni kaburi, basi.

Na Kunming nikaipenda. Nilimsimulia mtani wangu kila siku, jioni na asubuhi. Nilimwonyesha ziwa, nikamwonyesha ndege, nikamwonyesha njia ya mawe yenye miti pande zote iliyokuwa karibu na chuo. Nilimwambia ningekuwa nikipita pale asubuhi nikivuta pumzi mpaka chini kabisa, bila kusikia filimbi kifuani. Mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye kwetu Uziguani ana sauti juu ya watoto wa dada yake kuliko baba yao, aliniuliza swali moja tu kuhusu mji huo: kuna maji? Nikamwambia lipo ziwa, mjomba, huoni ng'ambo. Akasema nenda.

Tulikubaliana kwenye kibanda cha chai, stendi ya Korogwe. Sikumwomba. Yeye mwenyewe alisema nichukue Kunming, yeye baridi haitamfanya kitu, damu ya wapagazi hiyo, wamelala porini na simba. Nilimshika mkono, machozi yakanitoka. Akaniambia niache kulia, nitaharibu chai.

Kisha nikarudi kwetu, kijijini ndani ndani huko, kumsaidia mama kuvuna mahindi na kuaga ndugu. Na huko kwetu mtandao ni wa kuutafuta. Kulikuwa na kichuguu kimoja nyuma ya zizi la Wamasai, na juu yake simu ilishika kwa kuchagua. Unaweza kupiga, lakini kufungua akaunti ya maombi, thubutu. Dirisha lilipofunguliwa nilikuwa huko. Nikapanda kichuguu, nikampigia mtani wangu aliyekuwa Korogwe kwenye kompyuta, nikampa neno langu la siri. Nikamwambia anijazie mimi Kunming, kisha ajijazie yeye Harbin. Akasema hakuna shida.

Kesho yake akanipigia. Nilipanda juu nikiwa na mundu mkononi.

"Mtani, tayari," akasema. "Kunming naenda mimi. Wewe nimekupeleka Harbin ukagande."

Nilicheka, jamani. Nilicheka mpaka mtoto wa Kimasai aliyekuwa na ndama akanigeukia kunitazama. Nikamwambia asante sana, mpagazi, na ndege ikifika katikati ya bahari wakushushe uende kwa miguu kama mababu zako. Naye akacheka. Nikashuka nikaendelea kuvuna.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Baada ya kuchagua, mfumo uliacha siku kadhaa mtu arudi kubadilisha akitaka. Siku hizo zote mimi sikuangalia. Kwa nini niangalie? Nilikuwa na mtani wangu. Na kabla siku hizo hazijaisha nilikwenda Korogwe, nikapitia Ngombezi kumuaga mama yake. Tulikaa kwenye mkeka tukila, na katikati ya chakula akarudia, mbele ya mama yake, kwamba amemchukulia Mzigua mji wake. Mama akampiga begani kwa mwiko, akamwambia amwache mwenzake ale. Yeye akasema, kweli mama, nimemchukulia, yeye anakwenda kuganda. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikasema mwizi wa Kinyamwezi haibi mji, ataubebea wapi. Tukacheka wote watatu, nikaongezewa ugali.

Nikiwa macho kitandani, chakula hicho ndicho kinachonirudia, kuliko yote yaliyofuata. Dirisha lilikuwa bado wazi. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na Ngombezi mtandao umejaa tele. Ningeitoa nikatazama, mambo yangekwisha palepale kwenye mkeka.

Majibu yalikuja nikiwa Handeni mjini. Nilifungua ujumbe nikasoma Harbin. Nikasoma tena. Kwanza nilidhani mashine imekosea, nikampigia anisaidie kulalamika. Hakupokea. Nikapiga tena na tena. Nilipanda basi hadi Korogwe, nikachukua bodaboda hadi Ngombezi, na njia nzima nilikuwa nikimtetea kichwani mwangu. Amekosea kubofya. Alichanganya akaunti. Nilimtengenezea visingizio vya kutosha watu kumi.

Nilimkuta nje anafua. Hakuinuka. Alinitazama, akaendelea kukamua suruali.

Nikamwonyesha simu. Nikamwambia ulisema kwa utani.

"Nilisema kweli," akajibu. "Mara mbili, mara ya pili mbele ya mama. Wewe ndiye uliyecheka."

Nilisimama pale kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona. Nikamuuliza kwa nini, maana ni yeye aliyesema nichukue Kunming, sikumlazimisha. Akaiweka suruali kwenye beseni, na ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti isiyo na mzaha hata chembe.

"Wewe ndiye uliyenisifia," akasema. "Kila siku Kunming, Kunming. Ziwa, ndege, njia ya mawe. Ulidhani mimi sina moyo wa kutaka? Halafu Harbin ukanieleza mwenyewe kwamba inaua."

Nikamwambia itaniua mimi, siyo wewe. Wewe ulinibeba mgongoni, unajua. Akasema baridi ni baridi kwa kila mtu. Akasema mimi nina shamba, nina mjomba, nikikosa safari hii nina pa kurudi. Yeye akikosa kuna kisu cha mkonge kinamngoja. Labda hilo lilikuwa kweli. Lakini angeniambia kwenye kile kibanda cha chai. Tungekaa, tungegombana, tungejua la kufanya. Yeye alichagua kunipa mkono kwanza.

Niliwaandikia wafadhili. Walijibu kwa adabu kwamba kila mwanafunzi amejichagulia mji wake, lakini kama wanafunzi wawili wakikubali kubadilishana, wote wawili wakiandika, itawezekana. Mnaona? Mlango haukufungwa. Mlango aliushika yeye. Nilimpelekea ujumbe huo, akasoma, akasema atafikiria. Nilimngoja. Nikamkumbusha, akasema anafikiria. Siku ya mwisho ilipopita akaniandikia kwamba amesahau.

Amesahau!

Hapo nikamwendea mjomba. Mjomba alikasirika kweli, nilimwona mishipa ya shingo. Alivaa koti na kofia, tukaenda wawili Ngombezi kwa baba yake. Nilijua sasa jambo limefika kwa watu wazima. Mjomba alianza vizuri, akaeleza kwa mpangilio, neno langu la siri, makubaliano yetu, kifua changu. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza mjomba kama Wazigua siku hizi wana macho ya kuona maandishi ya kwenye kompyuta, au bado wanapiga ramli.

Nikamwona mjomba anajizuia. Nakuapia alijaribu. Lakini utani umewaingia damuni watu hawa, ni kama chafya. Akamjibu kwamba Mnyamwezi haoni haya, anaiba hata safari. Mzee akajibu. Mjomba akajibu. Muda si mrefu walikuwa wameshikana mabega, wanafuta machozi kwa kucheka, na mimi nimekaa pembeni na simu yangu yenye neno Harbin. Mwisho mzee akasema kijana wake amevuka mpaka, lazima atozwe. Akatozwa faini ya mtani. Jogoo mmoja.

Tulirudi na jogoo huyo kwenye bodaboda, amefungwa miguu, mjomba amemshika mapajani. Mama alimpika. Mimi sikula. Mjomba alikula mapaja yote mawili, kisha akaniambia kwa upole kwamba kwa mtani hakuna kesi, nishone koti zito niende Harbin, chuo ni chuo. Nilimpenda sana mjomba wangu, na siku ile nilimwona mtu mwingine kabisa akitafuna mbele yangu.

Koti lenyewe nilitafuta, nisifichane nanyi. Nililipata mitumbani Korogwe, la manyoya ndani. Lakini ilibaki karatasi ya afya, na daktari yuleyule alisikiliza kifua changu, akaniuliza naenda mji gani. Nilipomtajia akaweka kalamu chini. Alisema hawezi kusaini kumpeleka mtu kule na kifua hiki, na kama nataka kufa nifie nyumbani ambako watu watanizika. Mama alipoyasikia hayo akalifungia lile koti kabatini, na safari ikaishia hapo.

Mtani wangu aliondoka. Sikwenda kumsindikiza stendi, ingawa mama yake alinipigia kuniuliza niko wapi, basi linataka kuondoka. Nilimwambia naumwa. Sikuweza kumweleza, na nadhani hakuwahi kuelewa. Kwake lile lilibaki kuwa utani uliotokea kuwa mkubwa kidogo. Aliendelea kunipigia sikukuu hata sikukuu, akiniuliza mtani wake atakuja lini kula kunde.

Baada ya miezi kadhaa ikaingia picha kwenye simu yangu. Ile njia ya mawe, miti pande zote, na yeye katikati amefungua mikono. Chini ameandika: mtani, nakuvutia hewa yako. Mtu mwingine angeivunja simu. Mimi niliikuza ile picha nikaangalia miti ilivyotoa majani, nikaangalia kama ukungu ulikuwapo, na nilijichukia kwa kuangalia. Sikumjibu. Aliendelea kutuma, ziwa, ndege, uyoga, na kila mara maneno ya kuchokoza. Nilitaka neno moja tu, samahani. Mtu akisema samahani, amekiri kwamba kuna jambo alilofanya. Yeye aliendelea kunitania, maana kwenye utani hakuna jambo lililofanyika.

Miaka ikapita. Alimaliza, akabaki huko kwa shahada nyingine. Mimi nikafungua duka.

Mwaka huu mama yake akafariki. Baba yake alinipigia mwenyewe asubuhi, sauti imemwisha, akasema mama yako ametutoka, tunazika leo baada ya alasiri, na watani tunawahitaji. Nilifunga duka. Kwa ajili ya mwanawe nisingekwenda, ng'o. Lakini mwanamke yule aliniwekea kiti upande usio na vumbi.

Nilikuta watu wengi, wanawake ndani wanalia, wanaume chini ya turubai. Mzee alinishika mkono akanivuta pembeni. Akaniambia kazi yangu ninaijua. Kwa desturi yetu mtani huzuia jeneza lisitoke. Anasimama njiani, anakataa, anadai kitu ndipo apishe, na watu wanacheka kidogo katikati ya kilio, ili mioyo isipasuke. Mzee akasema mama yako alikuwa mtu wa kucheka, usimwache atoke kimya kimya. Nikamwambia sawa, mzee.

Jeneza lilipotolewa mlangoni nilikuwa nimesimama katikati ya njia, mikono nimeinyosha. Wakasimama. Pembeni ya jeneza binamu wa mtani wangu alikuwa ameinua simu juu, na kwenye kioo nikamwona yeye. Nilikuwa sijauona uso wake ukiwa hai, ukisogea, tangu siku ile ya beseni. Amenenepa kidogo. Macho yamevimba. Nyuma yake kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha mti.

Wakaniuliza kama desturi ilivyo, mtani, unataka nini? Wakarudia kuuliza. Ndipo yeye mwenyewe akaniuliza kutoka kwenye simu, sauti imekwaruza kwa kulia.

"Mtani, sema unataka nini umwachie mama apite."

Nikaitazama ile simu.

"Nataka Kunming yangu."

Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akaangua kicheko, na kicheko kikapita kwa watu wote, wanaume kwa wanawake, hata wale waliobeba jeneza, likatikisika mabegani mwao. Mzee alikuwa akicheka huku machozi yanamdondoka. Nikasema tena, kwa nguvu, sitanii, huyu aliniibia, aliniibia nikimwamini, na hajawahi kuniomba radhi. Wakazidi. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Walisema Mzigua huyu ndiye mtani hasa, marehemu amepata mtu wa kumsindikiza.

Nilimtazama yeye. Nilimtazama yeye tu. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, nikadhani, nasema kweli, nikadhani sasa amesikia. Akainua uso. Alikuwa anacheka.

"Nitakuletea, mtani," akasema, akijifuta macho. "Mpishe mama."

Mtu mmoja akanitia sarafu kiganjani, akanisukuma bega taratibu. Nikapisha.